Utakula Tarehe? Ugomvi wa Randa na Kitabu



Muhula huu tulikuwa wanane. Tulikuwa tumeambiwa kwamba darasa la Kiswahili la mwaka wa tatu lisipopata wanafunzi kumi halitafunguliwa, nasi tukazunguka mabwenini wiki nzima kuwatafuta hao wawili. Hatukuwapata. Kila tuliyemwomba alikuwa na jibu lilelile: ratiba imejaa, kuna maabara, kuna mtihani wa kemia, na isitoshe, Kiswahili kitanipa kazi gani? Waliotujibu hivyo si wageni. Wengine ni watoto wa watu wa Mombasa na Goma kama sisi, na nyumbani huitwa kula kwa Kiswahili.

Hatuwezi kuwalaumu, maana hata sisi watatu tunaoandika makala hii hatukubaliani. Mmoja wetu anasomea uuguzi, wa pili kompyuta. Wa tatu alianza uhandisi, akahamia historia mwaka jana, na mpaka leo mama yake akiulizwa na wageni mtoto anasomea nini, hujibu "yuko chuo" kisha huwaongezea chai. Mjomba wake, anayepiga simu kila Jumapili, hakuzunguka hivyo. Shikamoo ilipoitikiwa tu, akasema: "Nasikia umeacha uhandisi. Historia! Sasa mwanangu, utakula tarehe?"

Tulicheka sana, halafu tukanyamaza. Mjomba alifika nchi hii na begi moja. Amesomesha wadogo zake watatu kwa kuendesha lori usiku. Mtu kama huyo akiuliza utakula nini, haulizi kwa dharau, anauliza kwa sababu aliwahi kulala bila kula.

Basi tukaingia maktaba kumtafutia jibu. Tulidhani tutatoka na sifa za fasihi na falsafa, tuzipange vizuri, tumsomee Jumapili inayofuata. Tulichokuta ni ugomvi wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kilichotushtua ni kwamba ulianzia hapahapa Marekani, ukapanda meli, ukashuka Mombasa, ukaingia katika shule walizosoma babu zetu.

Shule ya Hampton, katika jimbo la Virginia, ilifunguliwa mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha na watumwa kuachiwa huru. Mwanzilishi wake, Jenerali Samuel Armstrong, alikuwa mtoto wa wamisionari waliofanya kazi Hawaii, na aliamini kwamba kinachowafaa watu waliotoka utumwani ni kazi ya mikono pamoja na adabu na dini. Mwanafunzi wake hodari kuliko wote, Booker T. Washington, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, alikwenda Alabama mwaka 1881 kuanzisha shule ya Tuskegee kwa mfano uleule. Wanafunzi wa Tuskegee walifyatua matofali yao wenyewe ili wajenge madarasa yao. Tanuri la kwanza liliharibika. La pili likaharibika, na la tatu pia. Washington akaweka rehani saa yake apate fedha za kujaribu mara ya nne, na safari hii matofali yakaiva. Kila tukilisoma jambo hili tunamheshimu zaidi, hata baada ya kuyajua mengine yote. Mtu aliyeweka rehani saa yake kwa ajili ya matofali hawezi kusemwa kirahisi na vijana wanaoandika makala kwenye chumba chenye joto la umeme.

Lakini mwaka 1895, katika hotuba yake maarufu mjini Atlanta, Washington aliwaambia watu Weusi waanzie chini, kwenye shamba na karakana, na madai ya haki za siasa yangoje. Wazungu wa Kusini walimpigia makofi, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Mwaka huohuo W. E. B. Du Bois alikuwa anapata shahada ya uzamivu Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Souls of Black Folk, Du Bois alimjibu Washington, na jibu lake si lile tulilolitarajia. Hakusema ufundi ni kazi duni. Alionyesha kwamba hata Tuskegee yenyewe isingeweza kufungua milango yake bila walimu waliosomeshwa katika vyuo vikuu, au waliofunzwa na waliosoma huko. Fundi anahitaji mwalimu, na mwalimu naye lazima ametoka mahali.

Tulikuta pia habari ndogo ambayo mwenzetu wa kompyuta ameiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: Portia, binti wa Booker T. Washington, alipelekwa Ujerumani kusomea piano. Hatuisemi ili kumcheka mzee. Mzazi yeyote mwenye uwezo hufanya hivyo. Tunaisema kwa sababu katika ugomvi huu wote, kila mahali tulipopita, tulikuta mtu anayewaandikia watoto wa wenzake dozi ya jembe, na wa kwake akawapa kitabu.

Ugomvi huu ulifikaje kwetu? Kwa mkono wa Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyehamia Marekani, akafundisha Hampton, kisha akawa mkuu wa mambo ya elimu katika Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York. Mwaka 1917 alitoa ripoti kubwa kuhusu shule za watu Weusi wa Marekani, iliyosifu kazi za mikono na kuvitilia shaka vyuo vyao vingi. Du Bois aliishambulia vikali mwaka uliofuata katika jarida lake, The Crisis. Wamisionari na watawala wa Kiingereza, kwa upande wao, waliona wamepata mtaalamu waliyekuwa wakimtafuta. Jones akaongoza tume ya elimu iliyozuru Afrika Magharibi, na mwaka 1924 akaongoza ya pili, iliyofika Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland. Ripoti yake ilitoka mwaka 1925, na mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera: elimu ya Mwafrika ilinganishwe na akili, kazi na mila zake.

Katika tume hiyo alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Alikuwa mzungumzaji wa ajabu, na popote tume ilipopita watu walijaa kumsikiliza. Aggrey alikuwa amesoma Kilatini na Kigiriki katika Chuo cha Livingstone, North Carolina. Tunajiuliza watoto wa shule waliokuja kumtazama waliona nini. Ripoti ilisema Mwafrika apewe jembe, na aliyesimama mbele yao akiwa ushahidi wa yale ambayo elimu huweza kumfanyia Mwafrika hakufika pale kwa jembe.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa mfano uliochukuliwa moja kwa moja kutoka majimbo ya Kusini mwa Marekani. Mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume ile ile. Walimu walikwenda pale na wake zao, wakajifunza bustani, usafi wa nyumba, malezi ya watoto na kuchimba vyoo, kisha wakarudi kuzisaidia shule za vijijini. Mwenzetu wa uuguzi amekataa tuipite aya hii bila kuandika kwamba choo cha shimo kimeokoa watoto wengi kuliko shairi lolote. Tumeandika. Hatuna la kumjibu.

Tatizo, kwa maoni yetu, liko kwenye neno lenyewe, ufundi. Leo mzazi akisema "soma masomo ya ufundi" anamaanisha uhandisi, kompyuta, tiba. Mwaka 1924 neno hilo halikumaanisha hivyo. Lilimaanisha randa, msumeno, nyundo, sindano na jembe. Makerere yenyewe, ambayo baadaye ilikuja kuwa fahari ya Afrika Mashariki yote, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ni kazi za heshima, na babu wa mmoja wetu alizifanya maisha yake yote. Lakini seremala hakufundishwa hesabu za kumfikisha kwenye kubuni daraja, na mkulima hakufundishwa kemia ya udongo anaoulima. Waliosema Mwafrika hafai kusomeshwa Kilatini hawakumpa fizikia badala yake. Walimnyima vyote viwili kwa jina la kimoja.

Na palikuwa na mlango wa pembeni. Mwaka 1925 serikali ya Tanganyika ilifungua shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, iliyoiga shule za mabwana wa Uingereza, maana hao ndio waliotarajiwa kutawala. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, kisha Edinburgh, alikorudi na shahada ya sanaa mwaka 1952. Maafisa wengi waliomtawala walikuwa wahitimu wa Oxford na Cambridge, na wengi wao walikuwa wamesoma historia, Kilatini na Kigiriki. Hakuna aliyewauliza kama watakula Kigiriki. Walikula, tena vizuri.

Wazee wetu waliliona hilo kuliko tulivyodhani. Kisa kilichotukaa zaidi ni cha Peter Mbiyu Koinange wa Kiambu. Baba yake, Chifu Koinange, alimpeleka kusoma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, naye akafikia wapi? Hampton, shina lenyewe la elimu ya mikono. Lakini hakuishia hapo. Alitoka Hampton akaenda Ohio Wesleyan, kisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akapata shahada ya uzamili. Aliporudi Kenya mwaka 1938 alikuwa na elimu ambayo serikali haikujua pa kuiweka. Wakati huo Wakikuyu wengi walikuwa wamekwisha kuziacha shule za misheni, baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana, na walikuwa wakijenga shule zao wenyewe. Tungependa msome tena maneno hayo: wakijenga wenyewe. Wazazi walichanga fedha, wakasimamisha majengo kwa mikono yao, na walichotaka kifundishwe ndani yake ni Kiingereza na masomo yaleyale yanayofungua ofisi za serikali. Mwaka 1939 Koinange akafungua Githunguri chuo cha kuwafundisha walimu wa shule hizo, kilichoendeshwa kwa michango iliyokusanywa rika kwa rika. Baada ya vita kuu ya pili mkuu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikifunga.

Mwenzetu wa historia anasema Githunguri ndiyo jibu lake kwa mjomba. Sisi wawili tulimpinga: watu wale hawakujenga chuo kwa mapenzi ya ushairi. Walitaka watoto wao wapate kazi zenye mishahara, na kazi zenye mishahara wakati ule zilikuwa za kalamu. Wangekuwa hai leo wangewapeleka wajukuu kwenye kompyuta bila kugeuka nyuma. Tulibishana mpaka maktaba ikafungwa. Tulichokubaliana njiani ni kwamba wazee wale walikataa kitu kimoja hasa, kuchaguliwa. Mtoto akitoka shuleni akawa seremala kwa sababu anapenda mbao, ni sawa. Akiwa seremala kwa sababu tume kutoka New York imepima kichwa cha baba yake, hapo ndipo wanapochukua mawe na kujenga shule ya pili ng'ambo ya barabara.

Katika mahojiano aliyotoa mwishoni mwa miaka ya 1990, Mwalimu Nyerere alisema kwamba Waingereza walipoondoka Tanganyika, baada ya kuitawala miaka 43, waliacha wahandisi 2 na madaktari 12. Tuliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Miaka arobaini na mitatu, na sehemu kubwa yake ikiwa ya kuhubiri elimu ya vitendo, halafu wahandisi wawili.

Isidhaniwe kwamba kitabu kilipopatikana milango yote ilifunguka. Mwezi wa Juni 1962 Makerere, ile iliyoanza na useremala, ilipokea mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, Langston Hughes alitoka hapa Marekani. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa palepale, alikaribishwa kwa hadithi fupi chache alizokwisha kuchapisha. Ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili katika karne ile, hakualikwa, na Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulilalamikia jambo hilo miaka mingi baadaye. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni. Huyu naye hakula ushairi: kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha, akihesabu mizigo mchana na kuandika usiku. Tunamtaja kwa sababu sisi wanane tuliokosa darasa tunaijua hali hiyo kidogo. Unaweza kushinda ugomvi wa sanaa na ufundi, kisha ukakuta ndani ya sanaa yenyewe kuna lugha zilizoachwa barazani.

Nyerere tunamrudia kwa sababu anatutatiza. Huyu rais wa nchi iliyoanza na wahandisi wawili alikaa akakitafsiri kitabu cha Shakespeare, Juliasi Kaizari, mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na katikati, mwaka 1967, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe na shamba na kila mwanafunzi ashike jembe. Ni jembe lilelile? Tuliwaza sana. Kuna tofauti moja ambayo hatuwezi kuidharau: tume ya 1924 ilitaka jembe kwa watoto wa Kiafrika peke yao, ili wabaki mahali pao, na Mwalimu alilitaka kwa wote, ili msomi asijione bwana. Lakini mtoto aliyesimama juani na mgongo unauma hawezi kuiona tofauti hiyo kwa urahisi, na wazazi waliokumbuka shule za mkoloni walikuwa na haki ya kunung'unika. Mwenzetu wa kompyuta anaona Mwalimu alikosea, kwamba wahandisi hawapatikani kwa palizi. Tumeliacha hilo kama lilivyo.

Jumapili iliyopita tulimpigia mjomba sisi watatu, simu ikiwa katikati ya meza. Tulimsimulia matanuri ya Tuskegee, akafurahi. Tulimsimulia Githunguri, akasema Wakikuyu ni watu wa kazi. Tulipofika kwenye wahandisi wawili tulidhani tumemshinda, naye akajibu papo hapo: "Wawili? Basi wewe ungekuwa wa tatu."

Halafu akakaa kimya kidogo, tukasikia lori likipita upande wake. Akatuambia jambo ambalo hata mpwa wake hakuwahi kulisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sekondari, walikuwa wakilima shamba la shule mara mbili kwa wiki, na yeye alilichukia shamba lile kwa moyo wote. Jioni, kabla ya kuzirudisha zana stoo, mwalimu wao wa Kiswahili aliwakalisha chini ya mwembe akawasomea Mabepari wa Venisi, sura kwa sura, mpaka giza likaingia. Mjomba alimkumbuka Shailoki. Aliikumbuka ile ratili ya nyama, na jinsi darasa zima, majembe mapajani, lilivyogawanyika nusu kwa nusu kuhusu nani alikuwa na haki. Alituuliza sisi tunaonaje. Tulibishana naye karibu saa nzima, na mama, aliyekuwa jikoni, akaja akaketi.

Kisha mjomba akauliza ada ya muhula ujao inalipwa lini.